Simba Aliyetiwa Maji

Hakuna mteja wa Fundi Rangi aliyewahi kupakiwa ukuta bila kwanza kupigwa hotuba. Hotuba yenyewe ilikuwa moja, kwa mwenye nazo na asiye nazo, na Fundi aliitoa akiwa ameshika kiuno, kofia yake yenye madoa ya kila rangi ameisukuma kisogoni. "Usiniambie bei ya kopo," alisema. "Kwani utabandika kopo ukutani? Niambie rangi iliyomo inakwenda kuta ngapi. Kopo la bei poa unapaka mara nne na saruji bado inakuchungulia!" Mteja aliyekuwa amejinunulia kopo lake la bei ya kutupa alijikuna shingo, akalirudisha dukani kimyakimya.

Basi mtu huyohuyo, mzima wa afya na akili zake timamu, Jumamosi moja aliingia nyumbani kwake na boksi begani, jasho linamtiririka, uso umemchanua.

"Fumba macho," alimwambia mkewe.

"Nimeshika mkasi, baba. Sema tu."

"Fumba, nakwambia!"

Mkewe akafumba. Mtaani aliitwa Mama Kalamu, kwa sababu penseli haikumtoka nywelini hata akienda kununua nyanya. Alitunga vitabu vidogo vya watoto. Alichora picha kwa mkono, akazipiga picha kwa simu, akaziingiza kwenye kompyuta kuukuu aliyoachiwa na kaka yake, akaandika maneno chini yake. Kwa miaka watu walisema anachezea karatasi. Lakini wiki ile Mwalimu Mkuu wa chekechea ya pale kona alikiona kimoja, akakifungua, akacheka peke yake, akasema maneno ambayo Mama Kalamu aliyarudia hata akiwa anaosha vyombo: "Niletee thelathini vya rangi, si Jumatatu hii, ile inayofuata, shule ikifunguliwa. Watoto wakivipenda, nakupa kazi ya mwaka mzima. Kila mwezi kitabu kipya."

Tatizo lilikuwa duka la fotokopi. Ukurasa mmoja wa rangi pale ulikuwa na bei ya kumkondesha mtu, na mwenye duka aliwahi kumchapishia tembo wa kijani akakataa kuomba radhi.

"Haya, fumbua."

Ilikuwa printa. Ndogo, nyeupe, bado imevaa nailoni yake. Mama Kalamu alitupa mkasi, akaikumbatia printa, kisha akakumbuka kumkumbatia na mume. Bibi, mama mzazi wa Fundi, alitoka jikoni na mwiko akapiga vigelegele kabla hajajua ni vya nini. Nyuma yake alikuja Chiriku, binti wa nyumba ile, wa darasa la kwanza, ambaye jina hilo alipewa kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

"Umeinunua bei gani?" Bibi aliuliza.

Fundi akataja. Bibi akashika kifua.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, mama! Zilikuwepo nyingine kubwakubwa, zina matangi ya wino ubavuni, bei yake mara tatu ya hii. Muuzaji akaanza kunipigia porojo za wino. Nikamwambia, bwana, mimi si mtu wa kuuziwa maneno. Nipe ile ya bei nafuu kuliko zote."

"Mume wangu ana akili huyu," alisema Mama Kalamu, machozi yakimlenga, na hakuna mtu mle ndani aliyefikiria kuuliza wino uliomo unakwenda kurasa ngapi.

Siku mbili zilikuwa sherehe. Printa ilinguruma, karatasi zikatoka zimejaa twiga, kima na kasuku, na kila moja Bibi aliinusa. Kitabu kiliitwa *Nani Mwenye Nguvu?* na ukurasa wake mkubwa ulikuwa wa simba, manjano tupu, manyoya yamewaka, chini yake herufi nyeusi nene: SIMBA ANA NGUVU KULIKO WOTE. Mama Kalamu alivipanga vitabu vilivyokamilika juu ya kabati na kuwakataza watu wote kukohoa karibu nalo. Vilikuwa kumi na kimoja wakati taa nyekundu ilipoanza kukonyeza.

"Inasema wino wa rangi umekwisha," alisema.

"Umekwisha vipi na printa haijatimiza hata wiki? Itikise."

Wakaitikisa. Wakaizima, wakaiwasha. Bibi akashauri iachwe ipumzike. Ilipopumzika vya kutosha ikakonyeza vilevile, na Fundi akavaa kofia yake akaenda dukani kumwambia muuzaji kwamba ameuziwa kitu kibovu.

Muuzaji alikuwa bwana mtaratibu, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alimsikiliza mpaka mwisho. "Si mbovu," alisema. "Katriji za wino zinazokuja ndani ya boksi ni za kuonjea tu. Sasa unanunua zenyewe. Hizi hapa, ya rangi na nyeusi." Akataja bei.

Fundi akadhani hakusikia vizuri. Akaomba arudiwe.

"Hiyo ni bei ya printa!"

"Inakaribia," alikubali muuzaji. "Siku ile nilitaka kukueleza. Ukasema wewe si mtu wa kuuziwa maneno."

Nyuma ya Fundi wateja wakacheka. Mama mmoja aliyebeba mkoba wa shule akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Pole, kaka. Ukipewa ng'ombe bure ujue majani utayanunua kwa aliyekupa." Masikio ya Fundi yakapata moto. Pesa ya katriji hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo, asingeitoa mbele ya kicheko kile. Lakini kurudi mikono mitupu nako hakuweza. Akaona chupa ndogo za wino wa kujazia, na bomba la sindano, bei ndogo. Akanunua wino na bomba lake, akatoka amenyoosha shingo.

Njiani aliitikisa chupa moja juani. Wino mzito, umesimama. Hapo ufundi wake wote ukamwamkia. Tangu aanze kazi hajawahi kupaka rangi vile ilivyotoka kopini. Rangi huzimuliwa, kwa maji ikiwa ya maji, kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia, ikiwa ya mafuta. Asiyezimua ni mwanafunzi.

"Kumbe ndiyo maana unakwisha upesi," alijisemea, akafurahi peke yake barabarani. "Watu wanautumia mbichi!"

Kesho yake asubuhi Mama Kalamu, aliyeambiwa tu kwamba wino umepatikana, alikwenda kununua karatasi. Fundi alimsubiri apotee kwenye kona, akajifungia chumbani na kikombe cha maji. Akazimua kwa kipimo cha mkono ulioizoea kazi, akajaza katriji kwa sindano, akafuta pembeni, akairudisha mahali pake. Taa nyekundu ikazimika. Fundi aliipigia saluti. Ili mkewe akute kazi imekwisha, akaagiza ukurasa wa simba utoke wote kwa mkupuo, nakala thelathini, bila kukumbuka vile kumi na kimoja vya kabatini, akaenda jikoni kunywa chai kwa raha zake.

Aliporudi aliwakuta simba thelathini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na damu. Walikuwa rangi ya uji. Macho yamelegea, manyoya yamechujuka, miguu haionekani vizuri inaishia wapi. Na chini ya kila mmoja, kwa kuwa wino mweusi haukuguswa, herufi zilikuwa zimesimama imara kama askari: SIMBA ANA NGUVU KULIKO WOTE.

"Mungu wangu," alisema Fundi.

Akainua printa aangalie chini, nayo ikamtapikia. Buluu ikashika meza, shati na viganja vyote viwili. Alifuta kwa kitambaa, kitambaa kikawa buluu. Akafuta kwa shuka, na hilo lilikuwa kosa jingine.

Mlango ukasukumwa. Chiriku akaingia, nyuma yake Bibi.

"Baba," Chiriku alinong'ona, macho kwenye karatasi, "mbona simba anaumwa?"

"Haumwi. Amechoka. Sikiliza mwanangu, hii ni siri yako na baba. Mama asijue mpaka nirudi kutoka kazini."

Bibi akaegemea kizingiti. "Unampa siri Chiriku? Si ungeita tu mkutano wa mtaa?"

Siku hiyo kazi ilikuwa kwa mama mmoja mstaafu wa posta aliyetaka sebule yake iwe nyeupe pe, isiyo na utani. Fundi alinawa mikono kwa sabuni, kwa majivu, kwa tina. Buluu ilihamia kwenye kucha ikakaa. Alipofungua mlango wa sebule aliacha vidole vitano kwenye mbao mpya. Akavifuta kwa kiganja, vikawa kumi.

"Fundi," aliita mstaafu, "mimi niliagiza buluu?"

"Itatoka, mama. Ni ajali ya nyumbani."

"Nyumbani kwako mnaishi na nani, pweza?"

Fundi alicheka kwa adabu, akashika brashi. Yule mama akaenda chumbani akarudi akiburuta kopo, uso umejaa ushindi. "Halafu nimekuokolea gharama. Rangi hii nimeipata kwa bei ya ajabu, nusu ya ile uliyoniandikia. Wenyewe walikuwa wanaitupa."

Mkono wa Fundi ukaenda kiunoni wenyewe. Kofia ikarudi kisogoni yenyewe. Mdomo ukafunguka.

"Mama, usiniambie bei ya kopo. Kwani utabandika kopo ukutani? Niambie iliyomo inakwenda..."

Brashi ikadondosha tone jeupe kwenye kiatu chake, naye hakuliona. Alikuwa anaiona printa ndogo nyeupe ndani ya nailoni, na yeye mwenyewe amesimama dukani, kifua mbele, akisema nipe ile ya bei nafuu kuliko zote. Akageuza ndoo akaikalia.

"Fundi? Unaumwa?"

"Mama, mimi ni mjinga."

"Hilo tutalizungumza baadaye. Kwanza futa mlango."

Alipofika nyumbani, Mama Kalamu alikuwa amekaa mezani na simba wote thelathini mbele yake. Chiriku alitunza siri, kwa maelezo yake mwenyewe, mpaka mama yake alipovua viatu. Fundi alisimama mlangoni na mikono yake ya buluu, hajui aiweke wapi.

"Ulizimua wino," alisema mkewe. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Fundi zaidi.

"Nilizimua."

"Kama rangi ya ukuta."

"Kama rangi ya ukuta. Na siku ya kununua sikuuliza wino wake unakwenda kurasa ngapi. Mimi! Mtu mzima, naulizia bei ya kopo! Nisamehe, mke wangu. Nimeona aibu leo mpaka nimekalia ndoo."

Mama Kalamu aliugusa ukurasa mmoja pembeni. "Najua ulitaka kunifurahisha. Ulinifurahisha kweli. Lakini hii ni kazi yangu, baba Chiriku. Mara ya kwanza nina kazi ambayo mtu ameniomba. Ungeniambia tu kwamba wino ni ghali, tungekaa, tungefikiri. Sasa karatasi nzuri zote hizi zimeharibika, na Jumatatu ndiyo ile kule inakuja."

Fundi alitamani mkewe amkemee hata kidogo. Chiriku, ambaye kimya kilimwasha, akachukua ukurasa mmoja, akaweka kidole chini ya herufi, akasoma kwa sauti ya darasani:

"SIM-BA A-NA NGU-VU KU-LI-KO WO-TE." Akamtazama simba. Akayatazama maneno. "Uongo! Huyu anaumwa!"

Bibi akacheka wa kwanza, kicheko chake kile cha kukohoa. Fundi akabana midomo. Mama Kalamu alijitahidi kununa, akajitahidi tena, kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka penseli ikamtoka nywelini ikaanguka sakafuni.

"Soma tena," alimwambia mwanawe.

"Simba ana nguvu kuliko wote. Uongo!"

Mama Kalamu akaacha kucheka. Akaiokota penseli. Akamtazama yule simba wa uji muda mrefu, kisha akaenda kabatini akachukua simba mmoja wa manjano, wa siku zile za sherehe, akawaweka ubavu kwa ubavu.

"Karatasi hizi hazitupwi," alisema. "Huyu anaanza kitabu. Huyu mzima anamaliza. Hapo katikati wenzake wanakuja kumjulia hali, na kila ukurasa anapata rangi kidogo."

"Ina maana sijaharibu?" aliuliza Fundi.

"Umeharibu sana. Kesho tunakwenda dukani wote. Mimi nauliza, wewe unanyamaza."

Dukani Mama Kalamu aliuliza mpaka muuzaji akavua miwani akaipangusa kwa furaha. Hii wino wake unakwenda kurasa ngapi? Na ya rangi je? Chupa moja bei gani, ukigawanya kwa kurasa inakuwa ngapi? Ile kubwa ya pembeni mbona haina chupa?

"Ile inatumia unga mahali pa wino," alieleza muuzaji. "Haikauki, haichoki. Ofisi zinaipenda. Lakini hiyo haijui rangi nyingine ila nyeusi."

"Simba mweusi hatumtaki!" alisema Chiriku.

"Basi ni hii ya matangi. Bei yake inauma siku moja tu, mama. Baada ya hapo chupa moja utaisahau tarehe uliyoinunua. Chapisha chochote japo mara moja kwa wiki, wino usikaukie kwenye vitundu vyake. Na kuna kitufe cha kubana wino, kwa kurasa za kujaribia." Akamgeukia Fundi. "Na maji, bwana, ni ya kunywa."

Fundi alikuwa ameahidi kunyamaza, na alinyamaza. Lakini bei ilipotajwa na mkewe akaanza kukunjua kitambaa cha akiba yake kwa vidole vinavyosita, na ikaonekana wazi kwamba haifiki hata nusu, Fundi aliinua macho kwa uchungu, na macho yakagota ukutani. Rangi ya duka ilikuwa imebanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Juu ya rafu kulikuwa na ukungu. Akashusha pumzi.

"Naomba ruhusa ya kusema," alimwambia mkewe.

"Sema, lakini kwa ufupi."

"Bwana, duka lako lina vitu vizuri na ukuta wa kusikitisha. Akiba ya mama ichukue nusu tu, nusu ibaki ya karatasi. Deni litakalobaki nalipaka ukutani. Kuta zote na dari, kuanzia kesho alfajiri, wateja wako hawatajua kama nimepita."

Muuzaji aliutazama ukuta kana kwamba anauona mara ya kwanza. Akaitazama ile familia, kuanzia Bibi mpaka Chiriku. Akatabasamu. "Nimekubali. Ila rangi nitanunua mimi. Kuna kopo nimeliona mahali, bei poa kweli..."

Fundi alifungua mdomo, akachelewa.

"Usituambie bei ya kopo!" alisema Mama Kalamu, mkono kiunoni. "Kwani utabandika kopo ukutani?"

"Tuambie inakwenda kuta ngapi!" walimalizia Bibi na Chiriku kwa pamoja, na wateja wote wakageuka, safari hii Fundi akicheka kuliko wao.

Jumatatu Mwalimu Mkuu hakuvipokea vitabu na kuviweka kando kama walivyotarajia. Alivigawa palepale. Mama Kalamu alibaki barazani, nyuma ya dirisha la darasa, amemshika mumewe mkono. Ndani, Mwalimu Mkuu mwenyewe akafungua ukurasa wa kwanza.

"Simba ana nguvu kuliko wote," alisoma.

Watoto walimtazama yule simba wa uji. Wakatazamana. Mmoja akacheka. Kisha mwingine, kutoka nyuma, akapiga kelele, "Uongo! Anaumwa!" na darasa zima likalipuka. "Uongo! Uongo, mwalimu!" Twiga alipokuja kumjulia hali wakamsalimia twiga. Simba alipopata manjano kidogo kwenye sikio wakapiga makofi, na alipotokea mzima, amewaka, ukurasa wa mwisho, ikabidi mwalimu afungue tena mwanzo kwa sababu hawakumpa nafasi ya kufanya jambo jingine.

Mwalimu Mkuu alitoka nje akijipangusa machozi ya kicheko. "Hilo wazo la kumfifisha umelitoa wapi?"

Mama Kalamu akamtazama mumewe. "Nyumbani," alisema.

"Kazi ni yako mwaka mzima. Na mwezi ujao nataka huyuhuyu. Aumwe tena."

Mama Kalamu alisema ahsante kwa sauti ya kawaida kabisa, akatembea mpaka nje ya geti, akaangua kilio cha furaha kwenye bega la Fundi mpaka bega likalowa.

Jioni hiyo printa mpya ilikuwa mezani, matangi yake yamejaa, na simba akaanza kutoka. Fundi aliyekuwa anapita na ngazi yake akasimama ghafla. Simba alikuwa rangi ya uji.

"Jamani! Nani kaitia maji? Mimi sijagusa! Mimi nilikuwa nje!"

"Hakuna maji," alisema mkewe huku akicheka. "Ni kile kitufe cha kubana wino. Simba akiumwa, baba, anakula wino nusu."

Bibi aliyekuwa amesinzia kitini akafungua jicho moja. "Nusu?"

"Nusu, mama."

"Basi mwacheni augue! Augue mpaka ukurasa wa saba!"

"Bibi! Atakufa!" Chiriku alilia.

"Hafi, mke mwenzangu. Ukurasa wa nane tunampa supu."

Mama Kalamu akachomoa penseli nywelini, akaandika supu.